Mei Mosi Mwenyekiti Alipotembea Peke Yake

Wadogo zangu wa chumba cha kufulia, siku mliponiaga mlinivisha kitenge, mkanikatia keki, kisha mkanitaka niseme neno. Nikasema asanteni, nikaketi. Najua wengine mlidhani furaha imenikaba koo. Ukweli ni kwamba maneno yalikuwa mengi, na wale wa wodini walikuwa wameshaanza kuitazama keki kwa macho mabaya. Sasa nina nafasi. Niko nyumbani Bagara, mahindi yameshapaliliwa, na kuku wangu hawana malalamiko ya kuniletea. Nimezoea malalamiko. Asubuhi nyingine nawakosa watu wa kunikasirikia.

Habari za vyeo sitaziandika. Cheo cha dobi kinajulikana: unaanza dobi, unamaliza dobi. Nataka kuandika juu ya Mama Nade, kwa sababu wengi wenu hamkumkuta, na juu ya Mei Mosi ile ambayo kila mtu pale hospitalini anaisimulia kwa namna yake. Mimi nilikuwepo, na nilikuwa na sehemu yangu.

Nilipoanza kazi hatukuwa na mashine. Tulikuwa na mabeseni ya saruji nyuma ya jiko, bomba lililokuwa likikohoa kabla ya kutoa maji, na kamba za kuanikia zilizotoka ukutani hadi kwenye miti ya mijohoro. Siku yangu ya kwanza nilipewa shuka za wodi ya wazazi. Nikaona zimejaa damu, nikakimbilia maji ya moto, maana kwetu Dareda uchafu mgumu tuliupiga kwa moto. Mkono ukanishika bega.

"Unafua au unapika?" aliniuliza mama mmoja mrefu, mwenye aproni ya mpira iliyomfika vifundoni.

"Nafua, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Damu ni maji ya baridi kwanza. Ukiitia ya moto umeipika, na ikishapikwa itakaa kwenye shuka mpaka siku ya mwisho. Loweka, nenda kanywe chai, rudi."

Huyo ndiye Mama Nade. Alikuwa mkubwa wetu pale, na pia mwakilishi wa chama cha wafanyakazi kwa upande wetu, wa jikoni na wa usafi. Alinifundisha kupapasa kila mfuko wa kila koti kabla halijaingia majini, kwa sababu madaktari husahau vitu. Nimewahi kukuta mikasi, sindano, funguo za gari, na mara moja yai la kuchemsha. Alinifundisha kusoma mawingu juu ya Mlima Kwaraa na kujua kama shuka zitakauka au zitalala zimelowa. Kusoma huko sikuwahi kukuweza vizuri. Mawingu ya Kwaraa ni kama wanasiasa, yanaahidi upande huu na kunyesha upande mwingine.

Lakini kazi yake nyingine ndiyo niliyoitazama zaidi. Shuka ya hospitali haikunjwi na mtu mmoja. Basi mfanyakazi aliyekuwa na shida, awe muuguzi, mpishi au mlinzi wa getini, alikuja akashika pembe za upande wa pili, na huku wanakunja anamweleza Mama Nade yaliyomsibu. Hapakuwa na ofisi. Mtu akianza kulia, shuka iliendelea kukunjwa. Akimaliza, Mama Nade alimuuliza swali lilelile kila mara: "Na wewe unataka iweje?" Wengi hawakuwa wamelifikiria hilo. Walijua kinachowauma tu. Wakishalijibu, ndipo alipofuta mikono na kusema, "Haya, twende wote kwa mkubwa."

Tulimpenda sana. Ulipofika uchaguzi wa tawi tukamchagua kuwa mwenyekiti, na hata wauguzi waliosoma sana walimpigia kura. Siku hiyo tulimbeba juujuu hadi kwenye mabeseni. Alikuwa akipiga kelele tumshushe, anacheka, kiatu kimoja kimedondoka.

Uongozi ulimpa mwenyekiti wa tawi chumba kidogo karibu na utawala. Chumba kilikuwa na meza, kiti chenye mikono, na pazia. Mimi huwa nalaumu lile pazia, ingawa najua pazia halina kosa. Alipunguziwa saa za kufua ili ashughulikie mambo ya chama. Akaanza kuitwa semina, leo Arusha, kesho Dodoma. Alirudi na mkoba mweusi na maneno mapya. Zamani alisema, "Twende wote." Sasa alisema, "Nimelipokea. Nitalifikisha." Ukimkuta kwenye njia ya wodini anatembea na wakubwa, ulimwamkia naye aliitika vizuri, ila hakusimama.

Sisemi alikuwa mtu mbaya. Nawaomba vijana mnaosoma hapa mlielewe hilo. Alichoka, naye alikuwa anapendwa na pande mbili, na mtu anayependwa na pande mbili huanza kuogopa kuupoteza mmoja.

Ndipo likaja jambo la Sesilia.

Sesilia alikuwa binti wa Nangara, mfupi, mwenye nguvu za ajabu kwenye kukamua mablanketi. Alitoka likizo ya uzazi na kurudi kazini akiwa na mtoto mchanga wa kike aliyeitwa Fausta. Sheria inampa mama anayenyonyesha muda wa kwenda kunyonyesha, na sisi tulikuwa tukiupata siku zote. Lakini wakati ule mashine yetu ya kwanza, ambayo tulikuwa tumeisherehekea kama harusi, ilikuwa imekufa. Shuka zilirundikana. Msimamizi wetu, Bwana Elibariki, akasema hakuna anayetoka kabla ya saa za kutoka mpaka mashine itengenezwe.

"Na mtoto?" Sesilia aliuliza.

"Wagonjwa nao ni watoto wa watu," alijibu.

Hakulisema kwa ubaya. Yeye mwenyewe alikuwa amevua viatu anafua pamoja nasi. Lakini maziwa hayajui habari za mashine. Kila siku asubuhi ikisogea, gauni la Sesilia lililowa kifuani, naye alijifunika kwa aproni asionekane. Dada yake alimleta mtoto hadi kwenye uzio, upande wa bodaboda, na Sesilia akichepuka kwa kujificha alimnyonyesha amechuchumaa kwenye kokoto, anageukageuka kama mwizi. Mtoto alizoea kushtuka. Bodaboda ikiwashwa alilia, akakataa titi, na Sesilia akarudi kwenye beseni huku bado amejaa, analia kwa maumivu.

Nilimpeleka kwa Mama Nade mimi mwenyewe. Tuligonga mlango, tukaingia, tukasimama mbele ya ile meza.

"Nimelisikia hili," Mama Nade alisema. "Nimelipokea. Nitaongea na Mganga Mfawidhi."

"Lini, mama?" nikauliza.

"Baada ya Mei Mosi. Sasa hivi uongozi unatusaidia gari na fulana za maandamano. Siyo wakati wa kuwagongea meza. Vumilia kidogo, Sesilia."

Sesilia alisema, "Mimi ninaweza kuvumilia, mama. Fausta ndiye hajui kuvumilia."

Mama Nade aliinamisha macho. Nilisubiri aulize lile swali lake, na wewe unataka iweje. Hakuliuliza. Simu yake iliita, akaipokea.

Habari ile ilifika jikoni kabla hatujarudi kwenye mabeseni. Jikoni ikafika wodini, na kutoka wodini ikafika maabara. Watu ambao hawakuwahi kumjua Sesilia kwa jina wakaanza kuja kutazama pale kwenye uzio. Sikumbuki nani alikuwa wa kwanza kusema tusivae fulana. Kila mtu leo anadai alikuwa yeye.

Asubuhi ya Mei Mosi boksi la fulana lilikuwa barazani, limefungwa bado kwa utepe. Kwa kawaida ile ilikuwa saa ya vurugu, mnene kapewa ndogo, mwembamba kapewa gunia, watu wanabadilishana huku wanataniana. Safari hii wafanyakazi wasiokuwa zamu waliketi kwenye nyasi karibu na kamba za kuanikia, wamevaa nguo zao za nyumbani. Hakuna aliyepiga kelele. Sesilia alikuwa katikati yao, Fausta mapajani, ananyonya waziwazi. Gari la kutupeleka lilisimama, dereva akachungulia, akazima injini.

Wakaniambia, "Mama Emanueli, wewe ndiye mtu wake. Nenda ukamwambie."

Nikaenda. Mama Nade alikuwa amesimama chumbani kwake, ameshavaa fulana juu ya gauni, anatafuta pini ya kubania kofia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wamefika wote?"

"Wamefika. Lakini hawaendi."

Alinitazama kana kwamba nimeongea Kichina. "Hawaendi wapi?"

"Uwanjani. Wanasema hawawezi kwenda kupungia mikono kule wakati Sesilia ananyonyesha kwenye kokoto."

"Nilisema nitalishughulikia!"

"Ulisema, mama."

"Unajua tukikosa kuonekana leo, uongozi utasema nini? Mkoa utasema nini? Watasema tawi hili halina mwenyekiti." Sauti yake ilikuwa inapanda. Kisha ikashuka ghafla. "Na wewe? Wewe pia?"

Nilikuwa nimempenda mwanamke yule kuliko shangazi zangu wengi. Alikuja kwetu mume wangu alipofariki, akafua nguo za msiba wote bila kuombwa. Nilitamani niseme mimi naenda nawe.

"Mimi pia, mama," nilisema. "Njoo tu uketi nao. Hawataki kitu kingine. Njoo uketi kwenye nyasi."

Alisimama pale na pini mkononi. Kwa muda nilidhani atakuja. Kisha akaibana kofia, akachukua bango letu lililokuwa limeviringishwa nyuma ya mlango, akanipita. Alipita mbele ya wale walioketi bila kuwaangalia, akaingia kwenye gari peke yake, na gari kubwa lile likaondoka na abiria mmoja.

Baadaye baadhi yetu tuliteremka mjini, tukasimama kando ya barabara na watu wengine kutazama. Walipita walimu, wakapita wa maji, wakapita wa halmashauri. Kisha pakawa na nafasi tupu, na ndani ya nafasi ile alikuwa Mama Nade. Bango halikuweza kukunjuliwa na mtu mmoja, kwa hiyo alilikumbatia kifuani kama mtoto. Alitazama mbele. Alitembea vizuri, kwa hatua kama za kijeshi. Nilidhani wenzangu watacheka au watazomea. Hakuna aliyecheka. Mpishi mmoja aliyekuwa amemsema vibaya kuliko wote alifuta macho kwa pindo la khanga yake.

Uchaguzi wa tawi ulikuwa karibu. Wakanitaka nigombee. Nilikataa, wakanijia tena, nikakataa, wakamleta mchungaji wangu. Mchungaji alisema hili si jambo la kanisa, halafu akaongea kwa muda mrefu juu yake. Nikakubali. Mama Nade naye aligombea. Siku ya kura tulikaa viti viwili vinavyopakana mbele ya watu wote, na magoti yetu yaligusana. Kura zikahesabiwa, nikashinda kwa mbali. Alinyanyuka, akanipa mkono, akasema, "Hongera, Mwenyekiti," akaenda zake. Jioni ile sikula.

Kesho yake alikuja kazini mapema kuliko wote, amevaa ile aproni ndefu, akaanza kuloweka shuka.

Nami nilikwenda kwa Mganga Mfawidhi kulisemea jambo la Sesilia. Nilikuwa nimejiandaa vizuri. Nilivaa kitenge changu cha kanisani. Yeye na Bwana Elibariki walinipokea kwa heshima, wakanipa soda, wakanieleza shida ya mashine, vipuri, na wagonjwa wanaolala bila shuka. Yote yalikuwa kweli. Nilipotoka nilijikuta nimekubaliana nao kila kitu. Nikarudi kwenye mabeseni, wenzangu wakanizunguka.

"Wamesemaje?"

"Wamesema... tusubiri kidogo. Wamelipokea."

Nilisikia neno lile likitoka kinywani mwangu mwenyewe. Watu wakalipuka. "Hata wewe! Hujamaliza wiki!" Sesilia aligeuka, akarudi kukamua blanketi. Hilo liliniumiza zaidi ya kelele.

Kutoka nyuma, bila kuinua kichwa kwenye beseni, Mama Nade akauliza, "Ulikwenda na nani?"

"Peke yangu," nikasema.

"Na mimi nilikuwa nakwenda peke yangu." Akakung'uta povu mikononi. "Ukiwa peke yako mle ndani, wao ndio wanakuwa wenzako. Wanakupa soda. Kichwa kinaanza kutikisika chenyewe. Mchukue mwenye shida. Mchukue na mtoto. Na sisi tutakuja."

"Na wewe?" mtu mmoja akauliza kwa mshangao.

"Mimi si mwanachama?" alijibu. "Makato yangu hayakatwi?"

Tukaenda. Tuliingia na aproni zetu zenye maji, ofisi ikajaa harufu ya jiki. Fausta alikuwa mgongoni kwa Sesilia. Mganga Mfawidhi alitafuta viti, vikaisha, naye mwenyewe akaishia kusimama. Nilimwomba Sesilia aeleze. Alieleza kwa sauti ndogo, habari za uzio, kokoto, bodaboda, na jinsi mtoto anavyoshtuka. Bwana Elibariki alikuwa akisikiliza, akasema polepole, "Sikujua kwamba anashtuka." Kisha akarudi palepale: "Lakini shuka zangu atafua nani?"

Hapo ndipo nilipotumia swali nililofundishwa. Nilimgeukia Sesilia. "Wewe unataka iweje?"

"Nataka sehemu yenye mlango," alisema. "Na nikiwa humo, nisiwe na wasiwasi kwamba wenzangu wanakufa kwa kazi."

Tukageukiana. Mpishi alisema wa jikoni wakimaliza chai ya asubuhi watakuja kushika kamba na kuanika. Mama Nade alisema sehemu ya Sesilia ataifua yeye katika saa zile. Mganga Mfawidhi akawaza, akakumbuka chumba cha kuhifadhia magongo karibu na kliniki ya meno. Tuliyahamisha magongo siku ileile, tukapiga deki, tukaweka benchi. Siku hiyo Fausta alinyonya mpaka akalala na mdomo wazi. Mashine ilikuja kutengenezwa baadaye sana, lakini chumba hakikufungwa tena. Wengi wenu mmenyonyesha mle, na mnakiita chumba cha magongo bila kujua kwa nini.

Nilikaa kwenye uenyekiti kwa vipindi kadhaa. Nilijifunza kwamba mwanachama hana saa za kazi. Nilikamatwa sokoni nikichagua nyanya, nikakamatwa kanisani kwenye foleni ya sadaka, na mara moja kwenye mazishi, jeneza bado liko juu. "Mwenyekiti, samahani kidogo." Walikuwepo waliojua chama siku waliyoitwa kujieleza tu. Walikuwepo walioniomba niwahamishie waume zao Babati, kana kwamba nina wizara. Na ulipokuja uongozi wa mkoa na hotuba zao, niliwaketisha kwenye ndoo zilizopinduliwa pale kwenye mabeseni. Wengine walipenda. Wengine hawakurudi.

Katika miaka yote ile aliyenisumbua kuliko wote alikuwa Mama Nade. Kila mkutano alinyoosha mkono. "Mwenyekiti, ulisema utafuatilia buti za mpira, umefikia wapi?" "Mwenyekiti, hilo umelijibu kwa niaba ya nani?" Nikisafiri semina, nikirudi yeye ndiye aliyenipa aproni kabla sijaweka chini mkoba wangu mweusi wa semina. Kuna nyakati niliomba Mungu astaafu. Alipostaafu, mkutano wa kwanza bila yeye ulikwisha haraka mno. Wote walikubaliana nami, na nikarudi nyumbani sina raha.

Hatukuwahi kuongea juu ya ule uchaguzi. Tulifua pamoja, tukazikiana wafu wetu, lakini pale hatukupagusa.

Mwezi uliopita, baada ya nyie kuniaga, nilikwenda kumsalimia kwake Nakwa. Amezeeka, magoti yanamsumbua, lakini shuka zake zilizokuwa kwenye kamba zilikuwa nyeupe za kuumiza macho. Nilimwamkia, akaitika, akanipa maziwa ya mgando kwenye kibuyu kidogo. Tukaongea habari za wajukuu. Fausta, aliniambia, ameolewa Mbulu, na alipita kumwona. Kisha nikaona kama sitauliza leo sitauliza tena.

"Mama, kile kiti cha uenyekiti. Nilipokishika, kilikuuma sana?"

"Sana," alisema papo hapo. "Mwaka mzima. Nilikuwa nakuona na ule mkoba mweusi, natamani uanguke majini."

"Na bado ukanisaidia."

"Nilimsaidia Sesilia. Wewe ulikuwepo tu."

Nikacheka. Nikasema, "Wengine pale kazini wanasema eti siku ile kura yako ulinipa mimi."

Alishtuka kwelikweli. "Nani? Mimi? Nilijipigia mwenyewe, tena kwa mkazo mpaka karatasi ikatoboka. Ningekupigia wewe kwa nini? Ulikuwa hujui kazi."

"Na sasa?"

Alinywa maziwa yake, akapangusa mdomo kwa kiganja. Aliniangalia kama alivyokuwa akiiangalia shuka iliyotoka majini, upande huu, upande ule, akitafuta doa.

"Sasa umestaafu, sina haja ya kukubembeleza," alisema. "Ulijifunza."